Mabati 54 Ambayo Hayakuwa Stoo

Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2019, mwendo wa saa tisa alasiri, wingu lilishuka kutoka upande wa milima ya Nandi na Kisumu ikawa giza kana kwamba jua limekwisha kutua. Mvua za masika zilikuwa zimechelewa mwaka ule, kwa hiyo radi ilipopiga watu walitoka milangoni kutazama kwa furaha. Mimi nilibaki ndani nikitayarisha mauzo ya Machi ili niwasilishe ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Siku ya mwisho huwa ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na safari hii iliangukia Jumamosi, katikati ya Ijumaa Kuu na Pasaka. Stima ikapotea. Baada ya dakika mbili hivi ikarudi, nikabonyeza kompyuta iwake, na kabla haijamaliza kuwaka ikapotea tena.

Duka letu lilikuwa la vifaa vya ujenzi, si mbali na soko la Kibuye. Vitabu vyote vilikuwa ndani ya QuickBooks, programu ya hesabu, ile inayowekwa kwenye kompyuta yenyewe, si ya mtandaoni. Tulichokiita seva kilikuwa kompyuta ya kawaida chini ya meza yangu, na humo ndimo faili la kampuni lilimokaa. Kompyuta ya kaunta na ya stoo ziliunganishwa kwa kebo. Laptopu ya mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mzee, ilitumia waifai. Chini ya meza ile ile palikuwa na UPS, kile kifaa chenye betri cha kuishikilia kompyuta stima ikikatika, iliyokuwa ikilia kwa wiki tatu. Betri za UPS za aina hii huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na yetu ilikuwa imepita umri huo. Nilijua. Nilikuwa nimeizima sauti kwa sababu ilinikatiza nikipiga hesabu.

Jenereta ilipowashwa, nilifungua programu. Nembo ikatokea, ikakaa kidogo, kisha dirisha likajifunga bila neno. Nikajaribu tena, likajifunga tena. Mara ya tatu nilipata ujumbe wa kosa lenye nambari ya 6000 na kitu, zile zinazokuambia kwamba faili la kampuni halifunguki. Kaunta nako mama aliyekuwa akihudumia wateja aliita, “Madam, huku inaniandikia H202!” Hiyo maana yake ni kwamba kompyuta yake haiifikii seva.

Nilichofanya nusu saa iliyofuata ndicho ninachowaomba wenzangu wasikifanye. Nilifungua faili lile kutoka kwenye seva, nikalifungua kutoka kaunta, nikalifungua kutoka laptopu ya Mzee, nikazima kila kitu na kuwasha upya, nikalifungua tena. Kila jaribio ni programu kuligusa faili lililojeruhiwa, na kila mguso unaweza kuongeza kidonda. Kisha nikampigia fundi wa kompyuta aliyekuwa karibu. Alikuja haraka, kijana mwenye nia njema, akatazama folda na kusema, “Haya mafaili madogo ndiyo yanayosumbua. Tukiyafuta, yatajitengeneza yenyewe.”

Alikuwa na nusu ya ukweli. Kando ya faili kuu, lenye herufi QBW mwishoni, huwa kuna faili la ND na faili la TLG. Lile la ND ni kadogo tu. Linaieleza programu jinsi ya kulifikia faili kuu kwenye mtandao wa ofisi, na ukiliondoa linatengenezwa upya. La TLG ni jambo lingine kabisa. Ni kumbukumbu ya kila kitu kilichoandikwa tangu bakapu kamili ya mwisho. Programu hii imejengwa juu ya hifadhidata, na hifadhidata huandika mabadiliko kwenye kumbukumbu hiyo na pia kwenye kurasa za faili kuu. Stima ikikatika ukurasa ukiwa umeandikwa nusu, faili kuu hubaki na ukurasa usiosomeka, lakini kumbukumbu inaweza kuwa bado inajua nini kilitakiwa kuandikwa pale. Bakapu yetu ya mwisho ilikuwa ya tarehe 26 Machi. Siku 23 za biashara zilikuwa ndani ya faili la TLG, na sisi wawili tulilifuta tukitazamana.

Halikusaidia. Programu iliendelea kujifunga. Fundi akaanza kuzungumza habari ya kupiga Windows upya.

Hapo nilitoka nje, nikasimama chini ya paa la mabati mvua ikipiga kwa nguvu, nikampigia mama mmoja aliyenifundisha kazi hii Nakuru nilipotoka chuoni. Wakati huo alikuwa amestaafu. Aliposikia sauti yangu hakuniuliza habari za nyumbani.

“Umenakili?”

“Bado, Mama.”

“Basi ondoeni mikono hapo. Binti yangu, mwambie huyo kijana asimame kando. Funga programu kwenye kompyuta zote, halafu chukua folda nzima, si faili moja, folda nzima, uiweke kwenye diski nyingine. Hiyo nakala usiifungue kamwe. Ukitaka kujaribu kitu, jaribu kwenye nakala ya nakala.”

Nilipomwambia tumefuta TLG alinyamaza. Kisha akauliza tumefuta kwa njia gani. Fundi alikuwa amefuta kwa njia ya kawaida tu, kwa hiyo faili lilikuwa limelala kwenye pipa la taka la Windows. Tukalirudisha. Namshukuru Mungu kwa jambo hilo mpaka leo, kwa sababu angebonyeza vitufe vya kufuta moja kwa moja, simulizi hii ingekuwa fupi na mwisho wake ungekuwa mbaya.

Baada ya kunakili, alinipa maswali matatu, na haya ndiyo ninayoyatumia hadi sasa mtu akiniambia programu ya hesabu imeanguka. Je, programu yenyewe inafunguka bila faili? Bonyeza na ushikilie kitufe cha Ctrl unapoifungua, nayo itasimama kwenye dirisha lisilo na kampuni yoyote. Je, inafungua faili jingine? QuickBooks huja na makampuni ya mfano ya kujifunzia, kwa hiyo faili zima la kupimia lipo tayari. Na je, nakala ya faili lako inafunguka kwenye kompyuta nyingine, ikiwa imewekwa kwenye diski ya kompyuta hiyo, si kupitia mtandao? Majibu yake hukuonyesha mgonjwa ni nani. Programu ikikataa bila faili, shida iko kwenye programu au Windows, na hapo ndipo kurekebisha programu kunapoweza kuwa na maana. Ikikubali faili la mfano lakini ikakataa lako kila mahali, faili ndilo linaloumwa. Faili likifunguka kwenye kompyuta nyingine, tazama mtandao au seva.

Kwetu programu ilifunguka. Kampuni ya mfano ikafunguka. Nakala ya faili letu ikakataa kwenye seva na ikakataa kaunta. Kwa hiyo kule kupiga Windows upya kungetupotezea usiku mzima bila kugusa ugonjwa. Fundi alielewa mara moja, na usiku ule akawa msaada mkubwa kwangu.

Mama yule akaniambia nitafute ndani ya folda ya kampuni folda nyingine iitwayo QuickBooksAutoDataRecovery. Sikuwahi kuitazama. Toleo letu lilikuwa likiweka humo, kila baada ya saa 12, nakala ya faili kuu na ya TLG, kila moja ikiwa imeongezewa herufi za adr mwishoni. Tukatengeneza folda mpya, tukaweka ndani yake nakala ya faili kuu kutoka kule, tukaondoa zile herufi za adr, kisha tukaweka kando yake faili la TLG tulilolitoa kwenye pipa la taka, si lile la adr. Yaani mwili wa asubuhi na kumbukumbu ya mpaka stima ilipopotea. Nikafungua.

Ilichukua muda. Mama wa kaunta alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, na Mzee naye. Skrini ilipojaa orodha ya wateja, Mzee alisema “Asante Mungu” kwa Kijaluo na kukaa chini. Nilitazama ankara za siku ile. Mbili za mwisho tu ndizo hazikuwemo, na nakala zake za karatasi zilikuwa kaunta.

Watu wengi huishia hapo. Mimi pia ningeishia hapo, maana nilichoka na ritani ilikuwa inanisubiri. Lakini Mama alikuwa ameniachia neno: faili likifunguka, usilishukuru, lipime. Ndani ya programu kuna kazi ya kuthibitisha data, Verify, na nyingine ya kuijenga upya, Rebuild. Nikaendesha ya kwanza. Jibu likaja kwamba data ina kasoro. Nikafungua kumbukumbu ya makosa, QBWin.log, nikasoma mistari iliyoandikwa kosa, na nikaona kitu kilichonishtua kuliko radi. Kasoro nyingine zilihusu miamala ya Machi na hata Februari. Stima ya siku ile haikuwa imeyafanya hayo. Faili lilikuwa limeumwa kwa wiki kadhaa, likiendelea kufunguka kila asubuhi kama kawaida, na mimi nikiendelea kulipakia kazi. Bakapu yangu ya tarehe 26 Machi ilikuwa imenakili sehemu ya ugonjwa huo huo.

Kabla ya kujenga upya nilichapisha ripoti zote ambazo ningezihitaji: urari (orodha ya salio za akaunti zote), mizania, orodha ya wadaiwa na umri wa madeni, orodha ya wanaotudai, thamani ya bidhaa stoo, na mauzo ya Machi ankara kwa ankara. Ilikuwa karatasi nyingi sana, na Mzee aliuliza kwa nini natumia wino hivyo. Nilimwambia kwamba kazi ya kujenga upya, ikikuta muamala usioweza kuponywa, inaweza kuuondoa, na haitasimama kuniuliza. Bila picha ya kabla, nisingejua kilichoondoka. Pia programu hudai bakapu kabla ya kazi hiyo. Niliipa jina jipya, ili isiandike juu ya ile ya zamani, hata kama ile ya zamani ilikuwa na kasoro. Katika hali kama hiyo hujui nakala ipi utaililia kesho.

Ilipomaliza, saa nne na nusu usiku, nilichapisha urari mpya. Upande wa kulia na wa kushoto vililingana. Na nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu nimeona watu wenye vyeti vizuri wakidanganyika mahali hapa. Urari utalingana. Ankara nzima ikiondolewa, inaondoka na pande zake zote mbili, kwa hiyo jumla za chini zinaendelea kukubaliana kana kwamba hakuna kilichotokea. Kulingana hakukuambii kwamba vitabu vimekamilika. Kinachokuambia ni kuuweka urari wa kabla na wa baada mezani na kupita akaunti moja baada ya nyingine kwa kalamu.

Akaunti ya wadaiwa ilikuwa imepungua shilingi 48,600. Mauzo yalikuwa yamepungua 41,896.55 na VAT 6,703.45, na ukijumlisha hizo mbili unapata zile 48,600. Nilipoona uwiano ule wa asilimia 16 nilijua hapo hapo kwamba nimepoteza ankara, wala si malipo. Kwenye orodha ya bidhaa, stoo ilikuwa imeongezeka mabati 54. Nilimwita kijana wa stoo, aliyekuwa amelala juu ya magunia ya simiti akisubiri mvua ipungue ili aende nyumbani.

“Mabati ya geji 30 tunayo mangapi?”

“Ya geji 30? Yaliisha, madam. Ya mwisho tulimpakilia yule mkandarasi wa Ahero.”

Mabati 54 kwa shilingi 900, VAT ikiwa ndani. Ankara ilikuwa ya mwisho wa Machi, haijalipwa. Kama ningewasilisha ritani usiku ule nikiwa nimefurahi kwamba urari umelingana, ningetangaza mauzo pungufu kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na mkandarasi yule angekuja kulipa deni ambalo vitabu vyetu havilijui. Au asije, na nani angemwuliza?

Ijumaa Kuu tuliipitisha dukani, mimi na mama wa kaunta, mlango ukiwa umefungwa. Alirudi kutoka kanisani saa sita, akafunga leso kiunoni na kuleta uji. Tulikuwa na vitabu vya ankara vya karatasi, noti za kupeleka mzigo, taarifa ya M-Pesa ya till (nambari ya duka ya kupokelea malipo), taarifa ya benki, na kanda za ripoti ya Z ambazo mashine ya risiti za kodi ilitoa kila siku ya kazi ilipofungwa. Kanda ya Z ilikuwa kipimo kizuri sana kwa sababu haikuwa na uhusiano na kompyuta iliyougua. Ilitupa jumla ya mauzo na VAT ya siku, basi. Tukalinganisha Machi siku kwa siku. Siku mbili ndizo zilikataa: ile ya mabati, na nyingine yenye ankara ndogo ya misumari na nyaya ambayo haikuwa kwenye ripoti hata kabla ya kujenga upya. Tuliziingiza zote mbili kwa tarehe zake za asili, nikathibitisha data tena, ikaja safi. Ritani iliingia kwenye iTax, tovuti ya KRA ya kodi, Jumamosi saa tano asubuhi. Adhabu ya kuchelewesha VAT ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa, na duka letu lisingeweza kuichukulia hivi hivi.

Lilibaki swali la ugonjwa ulianzia wapi. Programu hii huweka ripoti inayoonyesha kila muamala uliingizwa au kubadilishwa na mtumiaji yupi. Nilichukua miamala yenye kasoro kutoka kwenye kumbukumbu ya makosa, nikaitafuta mmoja mmoja. Karibu yote ilikuwa imeguswa na mtumiaji mmoja: Mzee, kwenye laptopu yake. Alipenda kuingiza au kusahihisha ankara akiwa anatembea kutoka ofisini hadi uani kukagua mzigo unaopakiwa, na kule uani waifai ilikuwa ikikatika. Watengenezaji wenyewe hushauri matumizi ya watu wengi kwa pamoja yawe kwa kebo, na sababu ni hiyo hiyo ya ukurasa ulioandikwa nusu.

Kumwambia mwajiri aliyekuzidi umri kwamba ni mkono wake si kazi rahisi. Nilisubiri Jumanne baada ya Pasaka, wateja walipopungua, nikapeleka chai. Nikamwambia, “Mzee, samahani, kuna jambo nimeliona kwenye vitabu, na mengine ni makosa yangu.” Nikaanza na yangu: UPS niliyoizima sauti, bakapu ya siku 23 zilizopita, data ambayo sikuwahi kuithibitisha. Kisha nikamwonyesha ile ripoti. Aliisoma mpaka mwisho bila kunikatiza, akauliza kebo ya mpaka dirisha la uani ni mita ngapi. Kesho yake fundi yule yule wa kompyuta alikuwa juu ya ngazi akiivuta.

Betri ya UPS tulinunua wiki ile ile. Bakapu sasa inafanywa kila jioni kutoka ndani ya programu. Kunakili faili kwa mkono wakati wengine wamelifungua kunaweza kukupa nakala iliyokatika katikati. Ninazo flashi zinazozunguka, na moja huondoka kila siku na mama wa kaunta ndani ya pochi yake, kwa sababu moto au mwizi havichagui diski. Mara moja kwa wiki nafanya bakapu yenye uthibitisho kamili, ambayo huipunguza TLG na kuanza upya. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla sijafungua kitu, natazama ukubwa wa faili lile. Likiwa limenenepa, najua kuna aliyesahau. Na mwisho wa mwezi narejesha bakapu moja kwenye kompyuta nyingine na kuichapa mizania yake. Hili la mwisho ndilo watu hulikwepa zaidi. Lakini flashi ambayo hujawahi kurejesha chochote kutoka kwake, huwezi kusema ina bakapu.

Tangu eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ianze, baadhi ya wenzangu wanasema hofu hii imepitwa na wakati kwa kuwa ankara zinafika KRA zenyewe. Ni kweli ankara zitakuwa huko, na mabati yangu 54 ningeyakuta mapema zaidi. Lakini eTIMS haijui nani amelipa nusu na nani ameahidi mwisho wa mwezi. Hayo yako kwenye faili lako tu.

Sheria inatutaka tuhifadhi kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano. Kanda za Z zile za Machi nilizitoa kwenye boksi mwaka uliofuata nikakuta joto la Kisumu limeanza kuzifuta. Karatasi ya risiti za joto haidumu. Nyingine zilikuwa zimebaki na kivuli cha tarakimu tu. Nilizipeleka zote kwa mwenye mashine ya kutoa kopi, tukazipanga nne nne kwenye kila karatasi, na zile zilizofifia sana nikaziandikia jumla kando kwa kalamu ya wino nikisoma kwa tochi ya simu.